Benchi la Mlandege

Mpaka leo wapo watu wa Mlandege wanaosema kwamba Mkadam Shaame alikuja kikaoni hali ya kuwa ameshajidunga sindano. Wanasema na wanaapa. Nnawajua kwa majina, na nnajua kila mmoja alikaa wapi siku ile, kwa sababu na mie nilikuwemo. Basi nnaandika nilichokiona. Mwenye kukasirika na akasirike, mie nilikwishakasirika zamani.

Mkadam alikuwa kuli bandarini, mzaliwa wa Makunduchi, mtu wa kifua na mabega. Kabla ya Mapinduzi tuligoma naye. Watu wazima na ndevu zao walipoanza kurudi kazini kwa mlango wa nyuma, yeye alikula muhogo mkavu mpaka mgomo ulipokwisha. Hilo nalitia hapa mwanzo kwa makusudi, maana baadaye aliambiwa hana nia. Kisiwa hiki kina watu chungu nzima wasio na nia, na baadhi yao wana ofisi. Mkadam hakuwa katika hao.

Mwaka 1967 kamba ya winchi ilikatika, magunia ya karafuu yakamwangukia pajani. Hospitali walimtibu, wakamtoa. Mfupa uliunga, lakini uliunga upande, na maumivu akatoka nayo. Wenzake wakamwambia kwamba Mlandege yupo kompaunda, mtu aliyejifunza kuchanganya dawa zamani, amefungua chumba chake mwenyewe cha kutibia watu.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na benchi refu la mbao, limepakwa rangi ya kijani. Cha nyuma kilikuwa na meza na sindano. Siku za mwanzo nilikuwa nikimsindikiza, yeye na mkongojo wake. Mnakaa benchini, harufu ya spiriti imejaa. Kompaunda anavunja shingo ya kichupa, anavuta dawa, kisha anaigonga sindano kwa ukucha kuitoa hewa: tik, tik, tik. Ndipo anapoita. Mkadam aliingia amekunja uso akatoka uso umekunjuka, kama mtu aliyeletewa habari ya mwanawe kurudi safari. Dawa yenyewe ni mofini. Hospitali huitoa kwa kipimo, na kwa siku chache. Yule kompaunda alimpa kila aliyerudi.

Na Mkadam akarudi. Mguu ukapoa, safari za Mlandege zisipoe. Kipimo kikapanda, kwa kuwa kile cha jana leo hakimfikishi popote. Kazini akaondolewa. Mkewe akarudi kwao Ng'ambo, wala simlaumu. Halafu siku moja, mwaka wa 1969, kompaunda akaondoka kisiwani kimyakimya. Mkadam akakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Alikaa kizingitini anatetemeka, kamasi zinamchuruzika, na watu wanapita wanasema, "Mtazameni kuli wetu."

Aliyemwinua ni dada yake, Mwatum, aliyekuwa ameolewa Kiembe Samaki. Mwatum alikuja kunichukua kazini, tukampeleka sote wawili kwa daktari mmoja wa Kijerumani, mama wa makamo, katika wale wageni waliokuja baada ya Mapinduzi. Mkalimani alikuwa muuguzi wetu, Bi Shemsa, aliyesomea hukohuko Ujerumani.

"Daktari anauliza, mgonjwa anasumbuliwa na nini?" akasema Bi Shemsa.

"Mwambie kaka'ngu hana haya tena," akajibu Mwatum. "Mwambie nnataka dawa ya haya."

Bi Shemsa akatafsiri. Daktari hakucheka. Alimtazama Mkadam, aliyekuwa amejifunika shuka gubigubi na jua lile, kisha akasema maneno mengi.

"Anasema haya anazo, ndiyo maana kajifunika. Ugonjwa uko kichwani, kwenye..." Akageuka, akauliza tena, akajibiwa. "Kwenye pengo."

"Pengo la meno?" nikauliza.

"Meno gani, bwana we! Hebu nisikilize." Bi Shemsa akaweka mikono miwili mbele yake, kiganja kinatazama kiganja. "Wajua vichochoro vya mjini? Nyumba hii na nyumba hii, dirisha linatazama dirisha, katikati kichochoro. Nyumba hazigusani. Jirani akipika, anampa mwenzake bakuli kwa dirishani. Basi na ubongo ndivyo. Mishipa ya fahamu ni mingi, wala haigusani. Mmoja ukitaka kuusemesha mwengine, unatoa tone la dawa yake wenyewe, linavuka kichochoro, linapokelewa kwa dirisha la pili. Raha, uchungu, usingizi, vyote vinapita hivyo."

"Na mofini?"

Akamuuliza daktari, akarudi na jibu. "Mofini inakuja na mabakuli elfu kwa mpigo. Siku ya kwanza harusi. Siku zikizidi, jirani anaelemewa, anafunga madirisha, anabakisha machache. Na yule mpishi wa upande wa huku anaona hana haja ya kupika tena, anazima jiko. Ndiyo maana kipimo kinapanda. Sasa leo mabakuli ya nje hayakuja. Jiko limezimwa, madirisha yamefungwa. Mwatum, huyo unayemwona hapo ana njaa ya nyumba zote mbili."

Mwatum akauliza, "Yatafunguka?"

"Yatafunguka, polepole. Tumbo litatulia kwa siku chache. Usingizi na furaha vitachelewa, labda miezi. Lakini lipo jengine." Hapa daktari alisogeza kiti, akasema akitutazama sisi na si mkalimani. Bi Shemsa akafuata nyuma yake. "Mishipa inayosemeshana pamoja kila siku inajenga njia baina yao, na njia hiyo haifutiki kwa upesi, pengine haifutiki kabisa. Ile nyumba, harufu ya spiriti, sauti ya sindano, vyote vimefungamana na dawa. Ubongo umeshajua: nikisikia mabakuli yanalia kwa mbali, nifunge madirisha kabla hayajafika. Basi mkimrudisha pale, hata baada ya mwaka, hata hajaonja kitu, madirisha yatajifunga na ataumwa kama anavyoumwa leo. Na maumivu hayo yatamtafutia dawa. Na akiipata akapiga kile kipimo chake cha zamani, atakufa, kwa kuwa mwili hautakuwa ule uliozoea. Anasema nirudie: atakufa. Msimrudishe pale."

Mie siamini neno kwa kuwa limesemwa na mgeni. Nikamwambia Bi Shemsa amuulize kama ameyaona hayo mabadiliko kwa macho.

"Anasema bado. Anasema yeye na wenzake wanakisia kwa majaribio, na ipo siku yataonekana."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Nasikia siku hizi wenye darubini zao wameshayaona. Wenye viti vya kamati ya Mlandege hawakuhitaji darubini. Walihitaji kusikiliza tu.

Mwatum akampeleka kaka yake Makunduchi kwa gari la shamba. Sitazieleza siku zile za mwanzo. Alitapika, aliharisha, malaika ya ngozi, vile vinywele, yalimsimama kama kuku aliyenyonyolewa, akamtukana dadake matusi ambayo dadake ameyasamehe na mie sijayasahau. Zikapita. Akaanza kula. Baadaye wazee wa pale wakamtia kwenye kazi ya chokaa: kupanga magogo duara, kupanga mawe juu yake, kutia moto, kungoja mawe yaive. Ni kazi ya jasho na haina harufu ya Mlandege. Nilipokwenda kumtazama alikuwa mweupe wa vumbi toka utosini mpaka unyayoni, anacheka.

"Mie sasa mzungu," akanambia. "Nipe shikamoo."

"Shikamoo, mzungu."

"Marahaba. Hujambo, msumbufu wetu? Ushakosana na nani wiki hii?"

Akanambia analala usiku mzima. Akanambia pia kwamba hamu imekwisha, na kwamba anataka kurudi bandarini. Makunduchi hakuna winchi, hakuna meli, na yeye ni kuli. Nikajua hapo ndipo patakapotusumbua.

Ukaja Mwaka Kogwa, Julai ya 1970. Asiyewahi kuona aelewe hivi: wanaume wa Makunduchi wanapigana kwa migomba, wanatoa kila kinyongo cha mwaka mzima, wanawake wanaimba na kuwachagiza. Kisha kinachomwa kibanda cha makuti, na mwaka uliokwisha unateketea pamoja nacho. Baada ya moto hakuna aliye na deni la ugomvi kwa mwenzake. Mkadam alipigana siku ile kwa mguu wake mbovu, akapigwa akapiga, akatoka na tambo. Kibanda kilipowaka nilimwona analia, na watu wa kwao wakamkumbatia mmoja mmoja. Wakasema: yaliyompata yameungua.

Katika wageni alikuwepo Borafya, mwenyekiti wa kamati ya mtaa wetu. Mtu mwema wa pilau na hotuba. Naye akaupenda moto ule kupita kiasi.

"Umeona?" akanambia. "Yameungua. Mwezi ujao tunamleta kikaoni, anasimama mbele ya watu, anasema nilikuwa hivi na sasa hivi, kamati inampa barua ya bandarini. Vijana wetu wapate mfano."

"Mwenyekiti, kilichoungua ni makuti," nikamwambia. "Ubongo haukuwemo mle ndani."

"Ala! Mwenzio kaapa na msahafu, kaoga mwaka, unamwita mgonjwa?"

"Simwiti mgonjwa. Nnasema kikao kisiwe pale."

Nifahamishe pale ni wapi. Nyumba ya kompaunda, baada ya mwenyewe kuondoka, ilichukuliwa na serikali, ikagaiwa kamati ya mtaa iwe ofisi. Vyumba vilevile. Na benchi lilelile la kijani, kwa kuwa kamati haikuwa na viti vya kutosha.

"Tukutane skuli," nikasema. "Uwanjani. Chini ya ukuta wowote, si pale."

"Nyumba ile ni ya wananchi sasa. Mwananchi ataogopaje nyumba yake?"

"Haogopi nyumba. Ni lile benchi."

"Benchi!" Borafya akawageukia wenziwe. "Jamani, huyu aliwagomea Waingereza, leo anaogopa benchi!"

Wakacheka, na Mkadam akacheka pamoja nao. Hilo ndilo lililoniuma. Nilimvuta pembeni nikamkumbusha maneno ya daktari. Alinisikiliza, kisha akanambia kwa upole, "Ndugu yangu, mie nshapona. Ukinikataza kukaa kwenye kiti, huko ndiko kunirudisha ugonjwani." Mtu aliyedharauliwa miaka miwili anataka kusimama palepale alipodharauliwa. Nani angemlaumu?

Mwatum ndiye aliyelala sakafuni kwetu wiki ya kikao, akiamka kila asubuhi na neno moja: "Nitakwenda naye." Wanawake hawakuwa wakiitwa kwenye vikao vile. Alikwenda.

Kikao kilikuwa baada ya sala ya laasiri. Chumba kilijaa, wengine wakasimama barazani. Mkadam alivaa kanzu nyeupe na kofia ya kushona, amenyoa, amependeza. Wakamkalisha kwenye benchi, mbele, mahali palepale alipokuwa akikaa kungoja zamu. Mwatum akakaa mlangoni, buibui limemfunika, macho kwa kaka yake.

Mambo yalianza vizuri. Borafya alihutubia. Mkadam akainuka, akasalimu, akaanza kusema kwa sauti yake ya bandarini ambayo haihitaji kipaza. Alisema juu ya winchi, juu ya mguu, juu ya dada yake. Watu walimsikiliza kweli.

Chumba cha nyuma walikuwa wanatengeneza chai ya wageni. Mwenye kuchemsha akamwagia stovu spiriti aiwashe, na harufu ikaja mpaka kwetu. Mie niliisikia, nikamtazama Mkadam. Aliruka neno moja, akaendelea. Barazani watu wakawa wanazungumza, na katibu, akitaka kuwanyamazisha, akachukua kalamu yake akaigonga gilasi: tik, tik, tik.

Mkadam akanyamaza.

Akakaa. Akapiga mwayo mkubwa, kisha mwengine. Macho yakaanza kumtoka machozi, pua ikachuruzika. Jasho likaloanisha kanzu kifuani na mgongoni. Mikono yake niliiona, malaika yamesimama. Tumbo lilinguruma, na kila mtu akalisikia.

"Nini tena?" akauliza Borafya.

"Kala dawa huyo!" mtu akasema nyuma. "Leo hii kala! Mtazameni macho!"

"Kajidunga kabla hajaja!"

"Laa," nikasema nikisimama, "aliyekula dawa hatoki jasho namna hii. Huyu anaumwa kwa kuikosa, na hajaigusa tangu mwaka jana. Ni chumba hiki. Mtoeni nje, mtaona."

"Kwa hiyo chumba kimemlisha dawa?" akasema katibu, na kicheko kikapasuka.

Ndipo Mwatum alipoinuka mlangoni. Hakuomba ruhusa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, Bi Mwatum. Kaa chini."

"Nitakaa. Nna suali moja. Ramadhani, jua limeelemea, unapita Darajani unatoka kazini. Wanakaanga sambusa. Harufu ikakupiga, mate yakakujaa mdomoni, tumbo likakuuma. Ndiyo au siyo?"

Borafya akatabasamu, kwa sababu anajulikana kwa tumbo lake. "Ndiyo, mwanangu. Nani yasiyomfika?"

"Umefungua?"

"Sijafungua. Sijala kitu."

"Basi na kaka'ngu hajala kitu. Mate yamemjaa tu."

Nilidhani limekwisha. Mzee mmoja alisema, "Kasema kweli," na mwengine akatikisa kichwa cha kukubali. Lakini Borafya alikuwa ameshapanga barua, vijana na mfano, na mfano wake umekaa mbele yake unatoka kamasi. Mtu wa namna ile hawezi kukubali mbele ya watu kwamba ameonywa akacheka.

"Kama ni mkweli," akasema, "na akae. Akae hapohapo mpaka kikao kimalizike, na tupeleke mtu amwite daktari aje ampime. Akitoka mlango huo kabla yake, tutajua. Barua hakuna."

Mkadam akaliangalia benchi. Akaishika mbao yake kwa mikono miwili. Nilijua anayoyapima. Akikaa, huenda akapata barua, winchi, meli na jina lake. Na kila dakika anayokaa, kile kitu kinamvuta kwa nguvu zaidi. Katibu, bila hata kufikiri, akagonga tena gilasi, watu watulie.

Mkadam akasimama. Akamwambia Borafya, "Mwenyekiti, nnakwenda. Andikeni mtakavyo." Akapita baina ya watu na mguu wake unaburura, akatoka. Miaka ile kuipa mgongo kamati haikuwa jambo dogo. Nyuma yake wakapiga kelele: "Kakimbia! Kakiri!"

Niliwakuta Darajani. Mwatum alikuwa amemkalisha ubarazani kwa mtu, amempa kahawa na kipande cha halua. Jasho lilikuwa linamkauka. Miayo ilikuwa imekwisha. Mtu yeyote wa kamati angetoka hatua chache tu angeyaona kwa macho yake bila ya daktari. Hakuna aliyetoka.

"Nimeisikia," Mkadam akanambia. "Ukucha wa yule kompaunda. Nimeusikia hapa." Akajigusa nyuma ya sikio.

"Ilikuwa kalamu ya katibu."

"Nnajua. Nilikuwa nnamwona anagonga, na bado ilikuwa ukucha." Akanywa kahawa. "Sikiliza. Mle ndani alikuwemo mtu, simtaji, aliyewahi kukaa na mie kwenye lile benchi. Anajua bado inapatikana kwa nani. Alinitazama nikamtazama. Ningelikaa mpaka wanithibitishe mkweli, jua lisingelizama sijamfuata. Na ningelipiga kipimo changu kilekile."

Mwatum alimpangusa kaka yake pua kwa pembe ya kanga, kama mtoto, na yeye akakubali.

Wakapanda gari la mwisho kwenda kusini.

Kamati ikaandika kwamba Mkadam Shaame alihudhuria akiwa amelewa dawa na akatoroka kuchunguzwa. Bandarini hakurejeshwa. Nilikwenda kwa Borafya, nikaenda kwa waliomzidi, nikasema mpaka nikaambiwa nichunge ulimi wangu. Sikuuchunga, na yaliyonipata si ya hadithi hii. Ramadhani iliyofuata nilikutana na Borafya Darajani, laasiri, mbele ya karai la sambusa. Akameza mate. Akaniona nnamtazama, akavuka upande wa pili wa njia.

Mkadam yuko Makunduchi, anachoma chokaa, ana mke mwengine na watoto. Mjini haji. Watu wake wa mjini wakifiwa husema ana roho ngumu, hata maziko haji. Mwatum huenda badala yake na hujibu kwa niaba yake, na akichokozwa anajua kujibu.

Na mie nikenda hunipokea kwa dafu, ananiuliza habari za kila mtu, wa bandarini na wa Ng'ambo, waliokufa na waliopata vyeo. Kisha, nikishaaga, huniuliza jambo lilelile.

"Benchi bado lipo?"

"Lipo."

"Haya. Nisalimie wote," husema, na anarudi kwenye tanuu lake.